Maswali ya Wasomaji: Mchoro wa Matawi, na Kila Mstari Unachosema

Tulipoomba maswali kuhusu uchanganuzi wa sentensi, barua nyingi zilihusu mchoro wa matawi, na si za wanafunzi peke yao. Wapo wanaochora nasaba, wapo wanaochora ngazi za uongozi, na yupo aliyetaka kujua Kiswahili kining'inie kwenye tawi gani la lugha za ulimwengu. Tumezijibu pamoja kwa kuwa kosa linalojirudia katika karibu barua zote ni moja: mchoraji amepiga mstari bila kuamua mstari huo unasema nini.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu, Kakamega. Nikichanganua sentensi kwa mchoro wa matawi napata alama moja au mbili kati ya nne, ingawa aina za maneno huwa nimezipata zote. Sentensi ya mwisho ilikuwa "Mtoto mdogo amevunja kikombe kipya jikoni." Nimeambatisha mchoro wangu. Nakosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Kwenye mchoro wako umeandika S (sentensi) juu, kisha ukashusha mistari sita, mmoja kwa kila neno: N (nomino), V (kivumishi), T (kitenzi), N, V, E (kielezi). Aina za maneno ni sahihi kabisa. Ila hapo umeorodhesha tu, hujachanganua. Mtahini anataka kuona maneno yapi yanashikana kwanza kuwa kundi, na kundi hilo linaungana na lipi, mpaka tufike kwenye sentensi nzima. Mstari katika mchoro huu una maana moja tu: kilicho chini ni sehemu ya kilicho juu. Ukimtoa "mdogo" moja kwa moja kwenye S, umesema kwamba "mdogo" ni sehemu ya sentensi bila kupitia kwa "mtoto". Sivyo ilivyo, kwa sababu bila mtoto huyo neno "mdogo" halina wa kumsifu.

Anza chini upande juu, ingawa vitabu vingi huonyesha kutoka S kwenda chini. Laza karatasi ya A4 upande ili upana uwe sentimita 29.7. Andika maneno yote kwenye mstari mmoja karibu na ukingo wa chini, kila neno ukilipa nafasi ya sentimita 3 au 4. Maneno sita yatakaa bila kubanana. Juu ya kila neno andika aina yake kwa penseli. Sasa tafuta makundi kwa kuuliza maswali. Nani amevunja? "Mtoto mdogo." Maneno mawili yamejibu swali moja, basi yanakutana kwenye kifundo kimoja, yaani mahali mistari inapoungana, nacho tunakiita KN (kirai nomino). Amevunja nini? "Kikombe kipya." Hiyo ni KN ya pili. Mtoto mdogo amefanya nini? "Amevunja kikombe kipya jikoni." Yote hayo ni KT (kirai kitenzi). Mwisho KN ya kwanza na KT zinakutana kwenye S.

Kinachobaki ni "jikoni". Je, liko ndani ya kundi la kikombe au limeshikana na kitenzi? Jaribu kulihamisha: "Jikoni, mtoto mdogo amevunja kikombe kipya." Neno limehama peke yake na kundi la kikombe halikuharibika. Kwa hiyo tawi lake linatoka KT. Jaribu kulihamisha "kipya" vivyo hivyo uone sentensi inavyovunjika.

Matokeo ni haya. Tumeyachapa kwa kuyalaza kwa sababu ya ufinyu wa safu. Kila hatua ya kuingia kulia ni ngazi moja chini:

S
— KN
— — N: mtoto
— — V: mdogo
— KT
— — T: amevunja
— — KN
— — — N: kikombe
— — — V: kipya
— — E: jikoni

Ukimaliza, hesabu. Vifundo vyenye alama ni 10 na maneno ni 6, jumla 16. Mistari lazima iwe 15, yaani pungufu kwa mmoja, kwa sababu kila kifundo kina mzazi mmoja isipokuwa S, ambayo haina. Ukipata mistari 16, kuna neno umelipa wazazi wawili. Ukipata 14, kuna kitu kinaelea hewani. Hesabu hii inachukua nusu dakika na inafaa kwa mchoro wowote wa matawi, hata usio wa lugha.

Kuna mitego mingine tuliyoiona kwenye michoro ya wenzako. Kundi la neno moja bado ni kundi: katika "Mtoto analia", S inashuka kwenye KN, KN inashuka kwenye N, ndipo "mtoto". Wengi huruka KN kwa kuona neno ni moja, na alama inakwenda. Sentensi isiyotaja mtenda, kama "Walifika jana", ina KN pia, ila unaiandika kapa kwa alama ya Ø. Usikichomoe kiambishi "wa-" kwenye kitenzi ukakipandisha huko, maana mchoro huu unaishia kwenye neno zima. "Walikuwa wanaimba" ina vitenzi viwili vilivyoshikana, Ts (kitenzi kisaidizi) na T, vyote chini ya KT. "Mzee ni mgonjwa" ina kitenzi kishirikishi, na shule nyingi za Kenya hukiandika kwa t ndogo. Andika herufi hiyo vizuri isifanane na T kubwa, kwa kuwa mtahini hawezi kukisia ulichokusudia.

Sentensi ambatano haigawanyiki kuwa KN na KT kwenye hatua ya kwanza. "Baba analima na mama anapika" inagawanyika kuwa S1, U (kiunganishi) na S2, kisha kila S ndogo inapata KN na KT yake. Sentensi changamano ni kinyume: S kubwa hubaki na KN na KT, na kishazi tegemezi hujificha ndani ya mojawapo. Katika "Mkulima aliyepanda mapema amevuna", kishazi "aliyepanda mapema" kinamfafanua mkulima, basi kiko chini ya KN pamoja na N. Mwanafunzi anayekichora chini ya KT kwa sababu tu kina kitenzi amefuata umbo la neno akaiacha kazi yake.

Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, Morogoro. Mwalimu wetu wa awali alitufundisha kuanza na K na A. Kitabu tunachotumia sasa kinaanza na KN na KT. Ipi sahihi?

Zote mbili ni sahihi, na hazichanganywi. K na A, yaani kiima na kiarifu, ni za sarufi mapokeo. Zinataja kazi ambayo fungu la maneno linafanya katika sentensi. KN na KT ni za sarufi miundo virai, na zinataja fungu lenyewe limeundwa na nini. Yale yale maneno "kikombe kipya" ni shamirisho ukiuliza kazi, na ni kirai nomino ukiuliza muundo.

Soma swali la mtihani kwanza. Likitaja mkabala, fuata huo kuanzia S mpaka neno la mwisho. Kosa tunaloliona ni la kuandika K upande wa kushoto na KT upande wa kulia. Mchoro wa namna hiyo una mistari yenye maana mbili tofauti chini ya S moja, na msomaji hajui asome kipi. Na kama kitabu chako kinaandika bV au βV kwa kishazi kivumishi ilhali cha mwenzako kinaandika S ndogo, hiyo ni tofauti ya alama tu. Chagua moja uishikilie.

Mimi ni mhariri wa habari katika kituo cha redio, Mombasa. Tulisoma hewani "Mtoto wa jirani mgonjwa amelazwa", wasikilizaji wakagombana nani mgonjwa. Je, mchoro wa matawi unaweza kutoa hukumu?

Hauwezi kutoa hukumu, lakini unaonyesha mgogoro ulipo na namna ya kuumaliza. Sentensi hiyo ina michoro miwili, na yote ni halali. Tuiandike kwa mabano, kila bano likiwa kifundo.

Kwanza: [KN mtoto [wa [KN jirani mgonjwa]]]. Hapa "mgonjwa" limeingia chini kabisa, kwenye kundi la jirani. Jirani ndiye anayeumwa.

Pili: [KN mtoto [wa jirani] mgonjwa]. Hapa "mgonjwa" limepanda ngazi, liko sambamba na "wa jirani", na yote mawili yanamfafanua mtoto.

Masikio hayasikii mabano. Kwa kawaida Kiswahili hutuokoa kwa upatanisho wa ngeli, na hili ni jambo ambalo wanaofundisha uchanganuzi wangelisisitiza zaidi. Sema "kiti cha babu kibovu": ki- ya "kibovu" inarudi moja kwa moja kwenye "kiti" na kumruka babu. Sema "kiti cha babu mgonjwa": m- inarudi kwa babu. Kiambishi kile kidogo ndicho mstari wa mchoro, tumekuwa tukiutamka kila siku. Mstari unapotea pale nomino zote mbili zinapoleta upatanisho mmoja. Majina ya watu na wanyama hufuata A-WA, ndiyo maana "mtoto wa jirani mgonjwa" na "ng'ombe wa mkulima mnene" zina utata. Ngeli ya I-ZI pia: katika "rangi ya nyumba mpya" hatujui kama rangi ndiyo mpya au nyumba. "Na" nayo ina mtego wake: katika "Wanafunzi na walimu wapya wamefika", je, wanafunzi ni wapya pia?

Mnapohariri, fanyeni hivi. Mkikuta kivumishi kimekaa baada ya nomino mbili zenye upatanisho mmoja, choreni kwa haraka mabano mawili kando ya karatasi. Yakikubali yote, geuzeni mpangilio. "Mtoto mgonjwa wa jirani amelazwa" ina mchoro mmoja tu. Kama jirani ndiye mgonjwa, kuongeza kishazi hakusaidii: "Mtoto wa jirani yetu ambaye ni mgonjwa" bado ina utata, kwa hiyo afadhali sentensi mbili: "Jirani ni mgonjwa. Mtoto wake amelazwa." Kwa "walimu wapya", wageuze: "Walimu wapya na wanafunzi wamefika."

Assalaam alaykum. Tulipewa kazi ya kuchora mchoro wa matawi wa masultani wa Zanzibar. Tuliweka Majid juu, Barghash chini yake, Khalifa chini ya Barghash, hadi Jamshid. Mwalimu ameturudishia na kuandika "Hii ni foleni." Tufanyeje? Kundi la wanafunzi, Unguja.

Waalaykum salaam. Mwalimu wenu amesema kweli. Mlichochora ni mfuatano wa kutawala, na mstari wenu unasema "alimfuata". Msomaji akiona mchoro wa matawi wa ukoo anasoma "alimzaa". Kwa hiyo mmesema Majid alimzaa Barghash, na hao walikuwa ndugu.

Anzeni na Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki 1856. Chini yake, kwenye ngazi moja, waandikeni wanawe sita: Thuwaini, Muhammed, Majid, Barghash, Khalifa na Ali. Said alikuwa na watoto wengi zaidi, ila hao ndio mnaowahitaji ili wengine wapate pa kuning'inia. Wanne wa mwisho walitawala Zanzibar kwa kupokezana, Majid kuanzia 1856, Barghash 1870, Khalifa 1888 na Ali 1890 hadi 1893. Hawana mstari wowote baina yao. Wote wanne wanafika kwa baba yao tu.

Ngazi ya tatu ni ya wajukuu. Chini ya Thuwaini wekeni Hamad, aliyetawala 1893 hadi 1896, na Harub. Chini ya Muhammed wekeni Hamoud, aliyetawala 1896 hadi 1902. Chini ya Barghash wekeni Khalid, aliyeshika kasri kwa siku chache Agosti 1896 mpaka Waingereza walipolipiga mizinga tarehe 27. Orodha nyingine za masultani humwacha, lakini katika nasaba yumo bila ubishi. Ngazi ya nne ina Ali bin Hamoud, 1902 hadi 1911, na Khalifa bin Harub, 1911 hadi 1960. Chini ya Khalifa bin Harub ni Abdullah, 1960 hadi 1963, na chini ya Abdullah ni Jamshid, aliyeondolewa na Mapinduzi ya Januari 1964.

Hesabuni: majina 15, mistari 14.

Angalieni mambo matatu hapa. La kwanza, Thuwaini, Muhammed na Harub hawakutawala Zanzibar (Thuwaini alishika Oman), na kwenye foleni yenu hawakuwemo. Kwenye nasaba mkiwaondoa, Hamad, Hamoud na Khalifa bin Harub wanabaki bila pa kushika. Waandikeni kwa wino mwembamba na waliotawala kwa wino mzito. La pili, kuna Khalifa wawili na Ali wawili. Jina la kwanza pekee halitoshi. Andikeni "bin" na jina la baba kwenye kila kifundo, na miaka ya utawala chini yake. Kwa njia hiyo mfuatano wa kutawala utasomeka kwenye miaka bila kuhitaji mistari yake. La tatu, mchoro huu unapita kwa baba peke yake. Mabinti wa Said, kama Sayyida Salme, hawamo kwa sababu tu ya mstari mliouchagua. Mkiwaingiza wake na mama, mchoro utaacha kuwa wa matawi: Khalifa bin Harub alimwoa Matuka binti Hamoud, dada yake Ali bin Hamoud, na hapo tawi la Thuwaini na tawi la Muhammed yanaungana tena chini. Ndoa za binamu ni nyingi katika koo zetu. Zichoreni kwa mstari wa jozi ulio mlalo, wenye maana yake ndogo pembeni, na msizihesabu katika ile 14.

Rafiki yangu anasisitiza kwamba Kiswahili kichorwe chini ya Kiarabu kwa kuwa maneno mengi yametoka huko. Nimjibu nini? Msomaji, Muscat.

Mwulize mstari wa mchoro wake unasema nini. Mchoro wa matawi wa lugha, ambao mwanaisimu Mjerumani August Schleicher aliueneza kuanzia 1853, unasema "imerithi kutoka". Hausemi "imekopa kutoka". Lugha inaweza kukopa maelfu ya maneno bila kubadili mzazi.

Chukua neno "kitabu". Ni la Kiarabu, na wingi wake huko ni "kutub". Sisi tumesikia ki- mwanzoni tukaifanya kiambishi cha ngeli, wingi ukawa "vitabu". Neno limekopwa, lakini sarufi iliyolipokea ni ya Kibantu. Au chukua hesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu, sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Ngeli, upatanisho, viambishi vya kitenzi, mnyambuliko wa "piga, pigia, pigana, pigwa", hivyo ndivyo vilivyorithiwa.

Basi ukichora, shuka hivi: Niger-Kongo, kisha Kibantu, kisha Kibantu cha Pwani ya Kaskazini Mashariki, kisha Sabaki. Chini ya Sabaki wapo ndugu watano: Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Kando ya Sabaki, kwenye ngazi yake, weka Seuta (Kisambaa, Kizigua, Kibondei na Kingulu), Ruvu (Kizaramo, Kiluguru na wenzao), na Kipare. Tumeruka ngazi kadhaa kati ya Niger-Kongo na Kibantu kwa makusudi. Mchoro unaruhusu kuruka ilimradi usibadili nani yuko chini ya nani. Kiarabu kiweke nje kabisa, kwenye mchoro wake wa Kisemiti, na ukilete kwa mshale wa nukta wenye neno "kukopa". Mishale ya namna hiyo itahitajika pia kwa Kiajemi, Kireno, Kihindi na Kiingereza.

Usidanganywe na misimbo ya mwanaisimu Guthrie, ile ya herufi na namba aliyozipa lugha za Kibantu. Kiswahili kiko G40, Kimijikenda na Kipokomo viko E70, na mtu akidhani herufi ni matawi atawatenganisha ndugu wa tumbo moja. Herufi zile ni kanda za ramani.

Ukishuka hadi lahaja, mchoro unaanza kulegea, na ni haki kuliandika hilo chini yake. Kiamu, Kimvita, Kipemba, Kiunguja na nyinginezo zimeishi kwa jahazi na biashara, zikipeana maneno na matamshi kila msimu. Kimvita kina sifa za kaskazini na sifa za kusini kwa pamoja. Mzazi mmoja kwa kila kifundo ni sharti la mchoro, si sharti la watu. Mwanaisimu Johannes Schmidt alilisema hilo tangu 1872 alipopendekeza mfano wa mawimbi, yaani mabadiliko husambaa kutoka lugha moja hadi jirani yake kama mawimbi ya maji, na kwa lahaja za pwani sisi tunaona ramani yenye mipaka inayopishana inafaa kuliko matawi.

Nimeombwa nichore mchoro wa uongozi wa kata yetu ubandikwe ofisini. Nimweke Mtendaji wa Kata chini ya Diwani au chini ya Afisa Tarafa? Kila mmoja anataka yake. Iringa.

Chora miwili, ndugu yetu, ugomvi utapungua. Mmoja wa maeneo: mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji, kitongoji (mjini ni mtaa badala ya kijiji). Hapo mstari unasema "imo ndani ya" na hakuna jina la cheo hata moja. Wa pili ni wa uwajibikaji, na mstari unasema "anawajibika kwa". Mtendaji wa Kata ni mtumishi wa halmashauri, kwa hiyo anapanda kwa Mkurugenzi. Diwani amechaguliwa na wapiga kura, mstari wake haumpitii Mtendaji wala wa Mtendaji haupitii kwake. Wanakutana katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, Diwani akiwa mwenyekiti na Mtendaji katibu. Kamati hiyo iwekee kisanduku chake na mistari ya nukta. Afisa Tarafa yuko upande wa Mkuu wa Wilaya. Kata kuwa ndani ya tarafa kwenye ramani hakumfanyi Mtendaji kuwa mtumishi wake.

Kila mchoro uandikie juu kabisa sentensi moja ya maana ya mstari. Visanduku vya ngazi moja viwe urefu mmoja kutoka juu. Kikishuka hata sentimita moja, mwenye cheo hicho atakuja kuuliza.

Tunafanya mazoezi ya uchanganuzi kwenye kundi la WhatsApp. Michoro tunayoipanga kwa nafasi inavurugika ikifika kwa mwingine. Kuna dawa?

Inavurugika kwa sababu herufi za simu hazina upana sawa: nafasi tano kwako zinaweza kuangukia penginepo kwenye kioo cha mwenzako. Weka alama tatu za ``` kabla na baada ya mchoro, herufi zote zitapata upana mmoja. Sentensi ikiwa ndefu hata hiyo haitoshi, maana mistari itakatika ukingoni.

Njia ya uhakika ni mabano, kama tulivyomfanyia mhariri wa Mombasa. Sentensi ya kikombe inakuwa hivi:

[S [KN [N mtoto] [V mdogo]] [KT [T amevunja] [KN [N kikombe] [V kipya]] [E jikoni]]]

Zipo programu za bure mtandaoni zinazogeuza mstari wa namna hii kuwa mchoro kamili ukiubandika humo. Michoro ya visanduku iliyomo kwenye programu za ofisi iacheni kwa kazi za vyeo, kwa sababu haipangi maneno kwenye mstari mmoja wa chini. Kabla ya kutuma, hesabuni mabano: yanayofungua ni 10 na yanayofunga ni 10. Yasipolingana, programu itakataa au itachora kundi ambalo hamkulikusudia, na mara nyingi bano linalokosekana ni lile la mwisho wa KN iliyo ndani ya KT.